Kipimo au Hewa? Mjadala kuhusu Kupanga Eleroni na Flapu za Ndege ya Kujiundia

Eleroni ni kibao chenye bawaba kilichofungwa nyuma ya bawa la ndege, karibu na ncha. Ya upande mmoja ikiinuka, ya upande wa pili hushuka, na ndege hulalia upande ambao eleroni imeinuka. Flapu hukaa kati ya eleroni na kiwiliwili cha ndege. Mbili hizo hushuka pamoja ili bawa liendelee kubeba uzito katika mwendo mdogo wa kutua. Kupanga vibao hivi vinne ni kuhakikisha mambo matatu: fimbo ya usukani ikiwa wima, vibao vimelala sawa na bawa; ikisukumwa hadi mwisho, vinafika kwenye pembe iliyoagizwa bila kugusa kitu; na kila kiungo kimefungwa kiasi cha kutoweza kujilegeza.

Katika ndege ya kiwandani, kazi hii hufanywa na mafundi wa kampuni. Katika ndege ya kujiundia, hufanywa na mwenye ndege mwenyewe, mara nyingi katika gereji ya nyumbani. Sheria ya Marekani inaruhusu ndege kusajiliwa kama ya majaribio, mradi sehemu kubwa ya kazi, ambayo wajenzi huitaja kama asilimia 51, imefanywa na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Mfano unaojulikana zaidi ni ndege za RV za Van's Aircraft, kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973 katika jimbo la Oregon. Zaidi ya ndege 10,000 za aina hizo zimekwisha kuruka. Mjadala huu unachukua RV-7, ndege ya bati la alumini yenye viti viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu.

Swali linalobishaniwa ni hili: neno la mwisho juu ya mpangilio wa eleroni na flapu ni la nani? Upande mmoja unasema ni la kipimo kilichochukuliwa karakanani. Upande wa pili unasema ni la hewa, kwa sababu ndege haikuundwa ili isimame karakanani.

Mahali pa kuanzia

Upande wa kipimo: Eleroni haipangwi kabla ya bawa lenyewe kukaa sawa. Katika RV-7, timazi huning'inizwa kutoka ukingo wa mbele wa mabawa yote mawili, na mabawa husogezwa hadi nyuzi zote zisimame katika mstari mmoja ulionyooka. Hapo hakuna bawa lililotangulia mbele wala lililobaki nyuma. Kisha pimamaji huwekwa juu ya bawa, chini yake kikiwa kipande cha mbao kilichokatwa kwa kimo maalumu, ili kuhakikisha kwamba mabawa yote mawili yameelekea hewa kwa pembe moja. Ni baada ya hapo tu ndipo tundu la bolti la mhimili wa nyuma hutobolewa. Bawa moja likizidi jingine kwa nusu digrii, ndege italalia upande mmoja maisha yake yote, na mjenzi ataisingizia eleroni kosa lisilo lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Upande wa hewa: Hakuna anayepinga timazi. Lakini mabawa haya yamepigwa ribiti kwa mkono, moja moja, kwa maelfu. Bati la upande mmoja linaweza kuvutika kidogo kuliko la upande wa pili. Pimamaji ikisoma namba moja pande zote mbili, inathibitisha kwamba pembe ni sawa mahali ilipowekwa tu. Haithibitishi kwamba mabawa hayo mawili yatabeba uzito sawa.

Upande wa kipimo: Ndiyo maana kuna alama isiyotegemea bati. Mbavu za bawa la RV zina matundu yaliyotobolewa kiwandani, nayo yamo katika mstari ulionyooka kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma wa bawa. Mjenzi hufuata matundu hayo kwenye ubavu wa mwisho, akauendeleza mstari huo hadi nyuma, na ukingo wa eleroni ukaletwa hapo. Flapu hufuata eleroni. Ncha ya bawa, ambayo ni ya nyuzi za kioo na huweza kupinda, nayo hufuata eleroni. Mpangilio huu una mantiki yake: kila kipande kinafuata kimoja kilichotangulia, wala hakuna kipande kinachotakiwa kufuata viwili. Mjenzi anayeanza na flapu, kisha akailinganisha eleroni nayo, kisha akagundua kwamba ncha ya bawa haikubali, atakuwa amezunguka duara bila kujua ni wapi kosa liliingia.

Belikranki na siri ya digrii

Ndani ya bawa la RV-7 hakuna kebo ya eleroni. Mwendo wa fimbo hupitia mabomba ya kusukumia hadi kwenye belikranki, yaani kipande chenye mikono miwili kinachozunguka kwenye ekseli na kugeuza msukumo wa pembeni kuwa msukumo wa kwenda nyuma. Kutoka hapo bomba fupi huisukuma eleroni. Usukani wa mkia ndio unaotumia kebo.

Upande wa kipimo: Eleroni za RV-7 huagizwa kuinuka kati ya digrii 25 na 32, na kushuka kati ya digrii 15 na 17. Cessna 172 nayo hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kiasi kidogo zaidi: digrii 20 juu, 15 chini. Tofauti hii ina sababu. Eleroni inayoshuka huongeza nguvu ya kuinua, na pamoja nayo ukinzani wa hewa. Upande huo huvutwa nyuma, na pua ya ndege hugeuka kinyume cha upande anaotaka rubani. Eleroni ikishuka kidogo na mwenzake ikiinuka zaidi, tabia hiyo hupungua. Tofauti hiyo haitoki kwenye eleroni. Hutoka kwenye pembe ambayo mikono ya belikranki imesimama wakati fimbo iko katikati. Kwa hiyo belikranki hushikwa kwanza kwa kiolezo katika nafasi yake ya katikati, kisha bomba fupi hurekebishwa urefu hadi eleroni ilingane na mstari wa bawa. Mjenzi anayeacha kiolezo na kurefusha bomba hadi eleroni ionekane sawa atapata eleroni nzuri kwa macho, lakini belikranki itakuwa imelala upande, na uwiano wa juu na chini utakuwa umeharibika bila yeye kuona chochote.

Upande wa hewa: Hoja ya belikranki inakubalika. Hata hivyo kati ya 25 na 32 mna digrii 7. Kama kipimo kingekuwa na neno la mwisho, mwenye kuchora ndege angetaja namba moja. Nafasi hiyo imeachwa kwa sababu ndege iliyo ndani yake huruka vizuri, na anayejua kwamba inaruka vizuri ni rubani.

Upande wa kipimo: Nafasi hiyo imeachwa kwa ajili ya mikono ya binadamu, si kwa ajili ya ladha. Ndani yake bado kuna masharti: kushoto na kulia lazima zilingane, na kizuizi cha mwisho lazima kiguswe kabla ya kitu kingine chochote. Fimbo isigonge paja la rubani, kichwa cha bomba kisijipinde kwenye beringi, wala mkono wa belikranki usifike mahali unapokaribia kunyooka sambamba na bomba, kwa maana hapo mwendo unaweza kukwama. Mwendo ulioagizwa ukikosekana, rubani huenda asijue hadi siku atakapouhitaji wote. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara baada ya kupaa Charlotte, North Carolina, na watu wote 21 waliokuwamo walikufa. Kebo ya kibao cha mkia ilikuwa imerekebishwa vibaya katika matengenezo, na sehemu kubwa ya mwendo wa kushusha pua ilikuwa imepotea. Ndege hiyo ilikuwa imeruka safari kadhaa baada ya matengenezo hayo bila tatizo kuonekana. Siku hiyo ndege ilikuwa nzito, na uzito umeegemea nyuma. Hewa ilikuwa imeulizwa mara kadhaa, na kila mara ikajibu kwamba yote ni sawa.

Namna ya kupima yenyewe ni rahisi. Pimamaji ya kidijiti hubandikwa juu ya eleroni ikiwa katikati, husetiwa sifuri, kisha fimbo husukumwa hadi kwenye kizuizi na namba ikaandikwa. Kifaa lazima kikae mraba na mstari wa bawaba, la sivyo husoma pembe ndogo kuliko ilivyo. Kwa eleroni yenye upana wa sentimita 25, digrii 1 ni milimita 4 na ushei kwenye ukingo wa nyuma, kiasi ambacho jicho la kawaida linakiona. Kichwa cha bomba chenye hesi 32 kwa inchi husogea karibu milimita 0.8 kikizungushwa mara moja. Kwenye mkono wenye urefu wa milimita 75, huo ni mzunguko wa takribani digrii 0.6. Ndiyo maana marekebisho ya mwisho hufanywa kwa nusu mzunguko.

Bawa zito

Upande wa hewa: Kuna kosa ambalo pimamaji haiwezi kulikamata. Ndege imepimwa, imekaguliwa na imepaa; rubani akiiachia fimbo, inaanza kulala upande mmoja polepole. Wajenzi huiita bawa zito. Huenda sababu ni bati lililovutika, ukingo wa nyuma wa eleroni uliokunjwa mviringo zaidi upande mmoja, au bawaba iliyokaa juu kidogo kuliko mwenzake. Tofauti hizi ni ndogo mno kwa vifaa vya gereji, lakini hewa inayopita kwa kilomita mia tatu kwa saa huzihisi zote.

Upande wa kipimo: Hewa husema mambo mengi kwa wakati mmoja. Tanki la kila bawa la RV-7 hubeba galoni 21 za petroli ya ndege, uzito wa karibu kilo 57. Tanki moja likipungua kuliko jingine, bawa moja litakuwa zito bila kosa lolote la eleroni. Rubani akiruka peke yake, uzito wake uko upande mmoja. Usukani wa mkia ukiwa umepinda kidogo, ndege huteleza hewani na kujilaza.

Upande wa hewa: Hayo yanahitaji utaratibu, hayaiondolei hewa ushahidi wake. Kwanza matanki husawazishwa. Kisha gololi ya kifaa kinachoonyesha kuteleza huletwa katikati kwa usukani wa mkia. Ndipo fimbo inaachiwa na ulalaji kupimwa kwa saa. Baada ya hapo tiba huwekwa kidogo kidogo: kushusha flapu ya upande mzito kwa kiasi kidogo sana pale inapopumzika, kusogeza bawaba, au kubana taratibu ukingo wa nyuma wa eleroni inayohusika kwa mbao na koleo. Kila hatua hufuatwa na safari moja ya majaribio, kwa kuwa tiba mbili zikiwekwa pamoja haijulikani ni ipi iliyoponya.

Upande wa kipimo: Liongezwe jambo moja linalowachosha wajenzi wapya. Kurefusha bomba la eleroni ya upande mmoja hakuondoi bawa zito. Eleroni mbili zimefungamana kupitia fimbo. Rubani akiachia, hewa huzirudisha mahali ambapo misukumo yake kwa pande zote mbili inalingana. Kilichobadilika ni mahali fimbo inapokaa, nayo sasa imelala. Mjenzi anapoteza nafasi ya katikati aliyoipata kwa kiolezo, na tatizo linabaki palepale.

Katika hoja hii pande mbili zinakaribiana. Kipimo hakina jibu kwa bawa zito, na hewa haina jibu bila kipimo cha kuanzia. Ndege ambayo nafasi zake za katikati hazikuandikwa haiwezi kurekebishwa kwa ushahidi wa safari, maana hakuna anayejua imesogezwa kutoka wapi.

Makosa yasiyosubiri safari ya pili

Upande wa kipimo: Hapa hewa haina nafasi ya kuulizwa. Tarehe 23 Agosti 1947, huko Woodford, Uingereza, ndege ya majaribio aina ya Avro Tudor 2 ilianguka mara baada ya kupaa kwa sababu mfumo wa eleroni ulikuwa umeunganishwa kinyume. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Roy Chadwick, mhandisi aliyesanifu ndege ya Lancaster. Tarehe 11 Novemba 2018, Embraer 190 iliyotoka kwenye matengenezo nchini Ureno ilipaa ikiwa na kebo za eleroni zilizopitishwa vibaya. Marubani walipambana nayo kwa zaidi ya saa moja kabla ya kuitua Beja, na wote sita waliokuwamo waliokoka. Hizo zilikuwa kazi za watu wenye leseni. Mjenzi wa gereji hana kinga zaidi yao.

Ukaguzi wa jambo hili hauhitaji kifaa. Rubani hushika fimbo kidole gumba kikiwa juu, akaisukuma kushoto: kidole gumba kinaelekea kwenye eleroni ya kushoto, nayo lazima iwe imeinuka. Kisha kulia, vivyo hivyo. Macho huangalia eleroni zote mbili kila mara, na zoezi hurudiwa kila kiungo kinapofunguliwa na kufungwa tena, hata kama ni bolti moja.

Kosa la pili ni eleroni isiyo na uzani sawa kwenye bawaba yake. Ikiwa nzito nyuma, katika mwendo mkubwa bawa likitikisika eleroni huchelewa kulifuata, na ucheleweshaji huo huurudishia mtikisiko nguvu badala ya kuutuliza. Mtetemo hukua wenyewe na unaweza kuvunja bawa kwa sekunde chache. Ndiyo maana eleroni ya RV-7 ina bomba la chuma ndani ya ukingo wake wa mbele. Rangi nayo ni uzito, na sehemu kubwa yake hukaa nyuma ya bawaba. Uzani huangaliwa baada ya kupaka rangi.

Kosa la tatu ni kiungo kinachojifungua. Kichwa cha bomba lazima kiwe kimeingia hesi za kutosha na nati yake ya kubana ikazwe. Bolti ya inchi 3/16, yenye jina AN3, hukazwa kati ya inchi-ratili 20 na 25, sawa na nyutoni-mita 2.3 hadi 2.8, kiasi kinachotosha kuibana pete ya ndani ya beringi ili beringi ndiyo izunguke, si bolti. Mahali ambapo bolti yenyewe inazunguka, nati ya kujikaza haitoshi. Hutumika nati yenye meno na spliti pini. Washa pana huwekwa upande wa wazi wa kichwa cha bomba, ili beringi ikivunjika bomba lisichomoke.

Upande wa hewa: Haya yote yanakubaliwa bila sharti. Safari ya majaribio hutafuta tabia ya ndege. Haitafuti kama ndege itarudi.

Jicho la pili

Sauti ya tatu katika mjadala huu ni ya mkaguzi, na hoja yake inazihusu pande zote mbili. Mjenzi aliyeusoma mchoro vibaya hukagua kazi yake kwa kutumia usomaji uleule. Namba zake zitalingana, na zitakuwa na kosa. Nyani haoni kundule, na miaka mitano ya kazi ya mtu mmoja katika gereji hulifanya jicho lizoee kile ambacho mgeni angekiona mlangoni. Kwa sababu hiyo EAA, chama cha wajenzi wa ndege kilichoanzishwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953, kina washauri wa kujitolea wanaotembelea karakana wakati ujenzi ukiendelea. Mkaguzi wa serikali au mwakilishi wake huja mwishoni, wakati sehemu nyingi zimekwisha kufunikwa. Mshauri huja wakati belikranki bado inaonekana.

Kazi ya mkaguzi hurahisishwa na alama. Kila nati iliyokwisha kukazwa na kuangaliwa hupigwa mstari wa rangi unaovuka kutoka nati hadi bolti. Mstari ukikatika, nati imesogea. Mahali pasipo na mstari hapajakaguliwa, hata kama mjenzi anakumbuka vinginevyo.

Mgawanyo wa kazi

Mjadala unapofika hapa, swali la nani mwenye neno la mwisho linagawanyika kulingana na aina ya kosa. Mwelekeo wa eleroni, kikomo cha mwendo, uzani kwenye bawaba na usalama wa viungo ni vya karakana peke yake, kwa sababu kosa lolote kati ya hayo linaweza kuimaliza ndege kabla rubani hajaandika alichokiona. Bawa zito, fimbo inayolala kidogo na uzito wa usukani mkononi ni vya hewa, kwa sababu vifaa vya karakana haviwezi kuviona. Karakana hutafuta kosa linaloua. Safari ya majaribio hutafuta kosa linalomchosha rubani. Mjenzi anayeibebesha hewa kazi ya karakana anauweka rehani uhai wake, na anayeitaka karakana ifanye kazi ya hewa atapoteza miezi akitafuta nusu milimita ambayo safari mbili zingeionyesha.

Sheria ya Marekani kwa kawaida huiwekea ndege mpya ya aina hii saa 25 hadi 40 za majaribio kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Muda huo unatosha kusawazisha bawa, mradi kila badiliko limeandikwa kwenye kitabu cha ndege: digrii za juu na za chini kwa kila eleroni, nafasi ya flapu inapopumzika, idadi ya nusu mizunguko kwenye kila kichwa cha bomba, na tarehe. Namba hizo husomwa tena katika ukaguzi unaofanywa kila miezi 12. Zikilingana na za mwanzo, vibao viko pale vilipopangwa. Zisipolingana, ndege haipai hadi sababu ipatikane.